Kompyuta Yenye Nukta Nyekundu

Fundi aliposema hatachukua hela ya ufundi, nikajua hapo pana jambo. Nimekaa stoo miaka ishirini na sita, kwenye kiwanda cha ndoo na mabeseni, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona mtu akimbebea mwenzake mzigo bila kuchungulia kilichomo. Nilimtazama yule mwanamume, kipara chake, bisibisi zake nne zilizopangwa kwenye mfuko wa shati, nikamwuliza taratibu ili asikie vizuri.

"Bure?"

"Bure, mama. Siku binti akiwashinda wenzake, nitatangaza mtaa mzima kwamba mashine niliiunda mimi. Hiyo inanitosha."

Nikamwambia binti yangu tutoke nje kidogo.

"Huyu mtu anataka nini?" nilimwuliza tulipofika kizingitini.

"Anataka kutusaidia, Mama."

"Hakuna kazi inayoitwa kusaidia."

Binti yangu ni kitinda mimba, na nyumbani jina lake ni Kitinda mpaka leo, ingawa ana miaka kumi na tisa na ananipita kimo. Anafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Muda uliobaki anacheza gemu za kompyuta, na mimi kwa miaka mingi niliuita huo uvivu wa kukaa chini. Kisha siku moja akaja na ujumbe kwenye simu. Kulikuwa na timu ya wachezaji wanaolipwa mshahara, mshahara kabisa wa kila mwezi, nayo ilikuwa ikitafuta mtu mmoja. Walioitwa kujaribiwa walikuwa kumi na watano, na binti yangu alikuwa mmoja wao. Majaribio yalikuwa Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, kwa mtandao, kila mtu akiwa kwao na akitumia mashine yake mwenyewe yenye nguvu waliyoitaja. Jina likiitwa na hupo, unafutwa.

"Nikiikosa hii, Mama, sijui kama nitaitwa tena," aliniambia.

Alikuwa na laki nane, akiba ya miaka miwili ya kusimama mbele ya mashine ya fotokopi akivuta harufu ya wino. Kompyuta za gemu zilizokwisha undwa, madukani zilianzia laki kumi na tano. Kwa hiyo njia ilikuwa moja, kununua kipande kimoja kimoja na kuviunganisha, na ndiyo maana akaniletea huyo fundi ambaye mtaa mzima unamwita Bisibisi. Walifahamiana kwenye gemu. Kila Jumapili binti yangu alikuwa akimshinda.

"Ananitandika mimi, mtu mzima mwenye wajukuu," fundi alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Orodha ya kwanza aliiandika nyuma ya kipande cha katoni. Niliichukua nikaivalia miwani. Karibu nusu ya hela yote ilikwenda kwenye kitu kimoja, kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini. Prosesa, ambayo Kitinda aliniambia ndiyo ubongo wenyewe, ilikuwa ya mtumba. Halafu kulikuwa na boksi la bati la kugawa umeme humo ndani, wanaliita pawasaplai, nalo fundi alikuwa ameliandikia bei ya kumtoa mtu roho.

"Ubongo mtumba, boksi la bati jipya?" niliuliza.

"Mama, prosesa haichakai upesi. Ikiwaka leo, itawaka na miaka mitano ijayo. Lakini hili boksi likiwa feki, siku umeme ukicheza linaondoka na kila kitu kilichomo. Hapo sibani matumizi hata kidogo."

"Na anayeliuza ni nani wako?"

"Si mtu wangu."

"Lakini mnafahamiana."

"Wauza vipuri hapa ni watatu tu, mama. Tunafahamiana sote."

"Umesikia mwenyewe," nilimwambia binti yangu.

Orodha ilibadilika mara tatu wiki ile. Kitinda alitaka kesi, yaani ganda la nje, ya kioo yenye taa za rangi zinazocheza, fundi akaifuta. "Taa hazichezi gemu," alisema, akaandika kesi ya bati tupu iliyobonyea ubavuni, iliyotoka kwenye ofisi fulani iliyofungwa. Memori moja kubwa ikawa mbili ndogo, kwa kuwa eti zikiwa mbili zinasaidiana kazi. Diski ikapunguzwa, hela iliyookolewa ikahamia kwenye kadi ya picha. Kila badiliko niliandika kwenye daftari langu, na tarehe, na sababu aliyoitoa, maana kazini karatasi iliyofutwafutwa mara tatu ilikuwa inaletwa kwangu kwanza kabla ya kwenda kwa bosi. Sababu zake zote zilikuwa na mantiki. Hilo nalo halikunipendeza.

Siku moja akaja nyumbani kwetu kuangalia soketi ya ukutani, kama ina waya wa ardhini. Nilimfuata nyuma hatua kwa hatua. Aliinama, akapima, akasema iko sawa, akanywa maji, akashukuru. Alipoondoka nilihesabu vijiko. Vilitimia.

Jumatano tukaenda kununua, sisi watatu. Na hapa nataka niandikiwe haki yangu, kwa sababu macho yangu hayakuwa ya bure. Duka la kwanza walitutolea memori ndani ya pakiti inayong'aa. Nikaigeuza, nikaona karatasi ya namba imekaa upande kidogo. Nikaikwaruza kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, na namba ya chini ilikuwa nusu ya ile ya juu. Muuzaji akasema hajui, ndivyo zilivyokuja. Fundi Bisibisi alinitazama kwa heshima ya kweli.

"Mama, mimi ningeinunua hii," alisema. "Wewe tungekuajiri."

Nakiri nilivimba kichwa. Tangu hapo hakuna aliyeweza kuniambia kitu.

Duka la pili tulikuta kadi ya picha iliyotumika. Niliinusa, ikawa haina harufu ya kuungua. Fundi akamwomba muuzaji aiwashe na kuiacha ifanye kazi saa nzima, nasi tukakaa juu ya makatoni tukingoja. Fundi aliweka kiganja karibu nayo, akasikiliza feni zake, akatikisa kichwa kukubali. Prosesa tuliipata huko huko, imefungwa kwenye karatasi ya fedha kama kipande cha jibini. Duka la tatu tukapata bodi, memori na diski, na pawasaplai kwa bei ile ile ya kutoa roho. Vitu vyote nilivibeba mimi.

Sasa nieleze habari ya rangi ya kucha, maana bila hiyo hamtanielewa. Mwaka wangu wa nne kazini, mota mpya ilitoka stoo asubuhi kwa saini yangu, na jioni ikarudi mota kuukuu iliyopakwa rangi mpaka ikang'aa. Nilisimamishwa kazi wiki tatu. Watu niliokuwa nikila nao chakula cha mchana waliniita mwizi nikiwasikia. Siku niliporudishwa, nilipitia kwanza dukani nikanunua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, na tangu siku hiyo hakuna kitu kilichotoka stoo kwangu bila nukta moja. Na siiweki juu, ambako kila mtu anaiona na kuifuta. Naiweka chini, tumboni mwa kitu, ambako mwizi hana habari ya kutazama. Sikuibiwa tena. Basi tabia ikanifuata nyumbani. Sufuria zangu zina nukta, mtungi wa gesi una nukta, mwavuli una nukta ndani ya mpini.

Jumatano ile ile alasiri, Kitinda alipokwenda kuoga, nikavipanga vitu vyake kwenye meza ya chakula nikavifungua kimoja kimoja. Bodi, ile sahani kubwa ya kijani inayobeba vyote, niliipaka kwenye ukingo wa chini, mahali ambapo lazima uiname ndipo uone. Kadi ya picha ubavuni. Memori, diski, pawasaplai, kesi, kila kimoja nukta yake. Prosesa ndiyo iliyonisumbua. Juu ilikuwa imeandikwa namba, na fundi alikwisha tueleza kwamba huko juu anapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto kabla ya kuweka feni, kwa hiyo nukta ingefutika. Nikaigeuza. Chini ilikuwa imejaa vidoa vya dhahabu, mamia, vimepangwa safusafu. Pazuri, nikasema moyoni. Nikachovya brashi, nikaweka nukta karibu na kona, nikaipuliza mpaka ikakauka, nikaifunga tena kwenye karatasi yake ya fedha. Sikumwambia mtu.

Ijumaa alasiri fundi akaanza kazi. Karakana yake ni chumba kimoja chenye meza ndefu na taa ya kuinamisha, na pembeni ipo mashine yake mwenyewe ya gemu, kaifunika kitambaa. Nilivuta stuli nikakaa karibu na kiwiko chake. Simsingizii, mikono yake ilikuwa inapendeza kuitazama. Prosesa aliishika kingo zake kwa ncha za vidole viwili, akailaza mahali pake bila kuigeuza, akashusha kikomeo. Akapaka dawa nyeupe, akafunga feni, akapanga waya zote nyuma ili hewa ipite. Kitinda alikuwa akimpa skrubu kabla hajaziomba. Waliongea lugha yao, ya kasi na joto na fremu, nami sikuondoa macho kwenye vidole.

"Haya, washa mwenyewe," fundi akamwambia Kitinda ilipokaribia saa kumi na moja.

Kitinda akabonyeza. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Fundi akabadili waya wa skrini. Akatoa memori moja, akairudisha, akatoa ya pili. Akaleta skrini nyingine. Akaazima pawasaplai ya mashine yake akaichomeka, nyeusi vilevile. Nilikuwa namwona jasho likimshuka kwenye kipara, na binti yangu vidole mdomoni kama alivyokuwa akifanya akiwa wa darasa la pili.

"Ni prosesa au ni bodi," fundi alisema mwishowe. "Nipeni nusu saa. Nina mwenzangu mtaa wa pili ana bodi kama hii, niende nikaijaribu kwake."

Hapo ndipo nilipokuwa nikimngojea. Nilisimama nikaziba mlango.

"Haitoki hapa."

"Mama!" Kitinda akasema.

"Nyamaza wewe. Haya nimeyaona mara mia. Kizima kinaingia, kinasemwa kimekufa, kinapelekwa kujaribiwa, kinarudi kingine. Fundi, ujue vitu vyangu vina alama."

"Alama gani, mama?"

Nikachukua tochi ya simu, nikainama ndani ya kesi nikamwonyesha. Bodi, nukta ipo. Kadi ya picha, ipo. Memori zote mbili, diski, pawasaplai. Vyote vilikuwa vyetu, hakuna kilichobadilishwa, na badala ya kufurahi nikazidi kukasirika.

"Imebaki prosesa," nilisema. "Itoe."

Akang'oa feni, akaifuta ile dawa nyeupe, akainua kikomeo, akaitoa. Akaigeuza chini ya taa. Akaisogeza karibu na jicho, halafu akampa Kitinda, si mimi.

"Mama, hii nini?" Kitinda aliuliza.

"Ndiyo alama yangu," nilisema, na niliisema kwa fahari. "Basi ni yetu. Hakuibadilisha."

Fundi alijikalisha kwenye stuli yangu. "Mama, hivi vidoa vya dhahabu ndiyo njia ya umeme. Kila kimoja kinakutana na pini yake kwenye bodi. Umeziba vitano."

Masikio yaliniwaka moto. Yeye hakucheka wala hakupandisha sauti. Alichukua lenzi, akachungulia kwenye bodi mahali prosesa ilipokuwa, akasema vipande vya rangi vimegandia kwenye pini, na pini mbili zimepinda, nazo ni nyembamba kuliko unywele. Prosesa ingesafishika kwa spiriti, lakini pini zilitaka sindano, lenzi na utulivu.

"Nikiharakisha nitazivunja," alisema. "Niachieni. Kesho saa mbili na nusu nitakuwa mlangoni kwenu na mashine inayowaka. Mtakuwa na saa nzima na nusu ya kujiandaa."

Nilipaswa kuomba radhi palepale. Nilijua hivyo hata wakati ule. Lakini kuacha vitu vya laki nane kwa mtu, bila karatasi, bila saini, mwili wangu ulikataa.

"Kwetu stoo hakitoki kitu mpaka mtu aache kitu," nilisema. "Acha simu yako."

Kitinda alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Fundi akatoa simu mfukoni akanikabidhi.

"Ina chaji ya kutosha," alisema.

Jumamosi, saa moja na nusu, nilikuwa nimekwisha vaa. Kitinda alikuwa amefuta meza, ameweka kibodi na skrini ya kuazima, amebandika kikaratasi ukutani chenye saa nne kamili kwa kalamu nene.

"Twende kwa fundi," nilimwambia.

"Amesema ataileta."

"Na ukikaa ukingoja, asije? Saa nne ikifika utamfuata wapi? Ana vitu vyako, na hata kwake hatukujui."

Nikamwona naye anaanza kuogopa. Hofu ilikuwa yangu, nikamtia yeye, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Akavaa viatu. Nikafunga mlango kwa ufunguo, mkoba kwapani na simu ya fundi ndani yake.

Tulifika karakana saa mbili na dakika ishirini. Kufuli. Nilitazama kufuli lile kama mtu aliyeonyeshwa risiti aliyokuwa akiitafuta mwaka mzima.

"Nilikwambia," nilisema.

"Labda ameshatoka kuja kwetu."

"Tukae hapahapa. Akirudi kuchukua vyake vilivyobaki, atatukuta."

Jirani yake, muuza viatu, alikuwa akipanga bidhaa zake. Nikamwuliza. Akasema Bisibisi katoka si muda, kapanda pikipiki, kabeba mzigo mkubwa kaufunga kwenye shuka.

"Kabeba mzigo kwenye shuka!" nilirudia, na nilirudia kwa sauti, mtaa usikie.

Tulisimama pale mpaka saa tatu kasoro. Ndipo simu ikalia ndani ya mkoba. Niliitoa nikatazama. Namba ngeni, haina jina.

"Pokea, Mama."

"Sipokei. Hao ni wenzake, wanataka kujua tuko wapi ili wajue pa kupita."

Ikakatika. Ikalia tena. Nikaitumbukiza mkobani, nikafunga zipu, nikashika njia ya maduka ya vipuri. Niliingia kwa wa kwanza nikauliza kama Bisibisi hajaleta kadi ya picha kuuza asubuhi ile. Nikaingia kwa wa pili. Niliwaambia wote, mbele ya wateja, kwamba fundi wao ni mwizi, ametoroka na mali ya mtoto, na kama wanakula naye njama nitawataja. Mkoba ulikuwa ukilia kwapani kila baada ya dakika kadhaa. Kitinda alinifuata nyuma akitazama saa, na kwa wa tatu, saa tatu na nusu, akasimama mlangoni asiingie.

"Mama, kama yuko nyumbani?"

"Na lile shuka la nini?"

"La kufunikia mashine isipate vumbi, Mama."

Hakungoja niseme lolote. Aligeuka akaondoka mbio, na mimi mguu wangu si wa mbio, nikamfuata nikiwa nimeukumbatia mkoba. Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Nilipokata kona ya kwetu ilikuwa saa nne na dakika sita. Fundi alikuwa amekaa kwenye kizingiti chetu, mashine mapajani, imevikwa shuka la maua. Kitinda alikuwa amesimama mbele yake anahema, mkono kwenye kitasa ambacho hakifunguki. Pembeni alikuwepo mama jirani, simu sikioni. Mkoba wangu ulikuwa unalia. Mama jirani aliponiona akashusha simu yake, na mkoba ukanyamaza.

"Mara kumi na moja!" alisema. "Zenu mimi sina, na yeye maskini, namba pekee anayoikumbuka kwa kichwa ni ya kwake mwenyewe. Nimepiga hiyo hiyo tangu saa tatu kasoro."

Ufunguo uliniponyoka mara mbili. Tukaingia. Fundi na Kitinda walichomeka waya kwa mikono minne kama watu waliofanya kazi pamoja miaka. Kitinda akabonyeza. Skrini ikawaka, rangi zikajaa chumba kizima, ikawa nzuri, sijui niielezeje. Ubavu wa kesi ulikuwa bado wazi. Nami nikainama. Sikutumwa na mtu, mgongo wenyewe ulijiinamia. Nikatazama ukingo wa chini wa bodi.

"Hii siyo bodi yetu," nilisema.

Lilinitoka kabla sijafikiri. Fundi alikuwa amepiga magoti akinyoosha waya wa umeme, na hakuinuka.

"Siyo, mama. Yenu pini moja ilikatika nikiinyoosha. Nimeng'oa ya mashine yangu. Zinafanana."

Kitinda hakugeuka. Alikuwa ameingia kwenye ukurasa wa timu, na ujumbe ulikuwa umekwisha fika. Aliusoma kwa sauti, bila kupanda wala kushuka. Jina lake liliitwa saa nne kamili, likaitwa tena saa nne na dakika tano. Limefutwa. Wanamshukuru kwa kushiriki.

Afadhali angelia. Alizungusha kiti polepole mpaka akaniangalia.

"Mama, na mimi umenipaka wapi?"

"Nini?"

"Sufuria zina nukta. Mwavuli una nukta. Kila unachoogopa kuibiwa umekipaka. Mimi nukta yangu iko wapi, niitafute niifute?"

Fundi alijishughulisha na kukunja shuka lake, pembe kwa pembe, kwa uangalifu mwingi kuliko shuka linavyohitaji. Halafu akaomba simu yake, kama mama amemaliza nayo. Nilimpa kwa mikono miwili. Nikamwambia samahani, na nikamwambia nitapita kwa wale wauza vipuri wote, na kwa muuza viatu, nikayameze niliyoyasema. Akasema hamna neno, mama. Nilitafuta usoni mwake dalili ya uongo, hata wakati ule nilitafuta, sikuiona.

Nilipita kweli. Jumatatu asubuhi nilianza na muuza viatu. Wa mwisho alikuwa yule wa memori yenye karatasi mbili, na yeye ndiye pekee aliyenicheka.

Niliporudi nyumbani nikakuta meza ya Kitinda tupu. Alikuwa mlangoni, mashine imevikwa lile shuka la maua, pikipiki inangoja nje. Nikamwuliza anaipeleka wapi. Akasema kwa fundi, watakuwa wanacheza kwa zamu, kwa kuwa bodi ni ya fundi na vingine ni vya Kitinda, na majaribio mengine huenda yakawa baada ya miezi sita.

"Si ungeiacha hapa, yeye awe anakuja?" nilisema. "Hapa kuna mlango wa chuma."

"Kule itakuwa salama zaidi, Mama."

Alilisema bila ukali, akiangalia asiigonge kwenye mlango wa chuma. Nikamshikia mlango. Alipokwisha kukaa kwenye pikipiki, mashine mapajani, nikajikuta nimemfuata mpaka barabarani.

"Amekuandikia risiti?" nilimwuliza.

"Sikumwomba," akasema.